Riwaya Nilizomchagulia Mpwa Wangu

Dada yangu alikuwa na wasiwasi ambao wazazi wengi wangeutamani. Binti yake wa miaka 11 alikuwa amemaliza vitabu vyote vya rika lake, na sasa alikuwa akizichota riwaya za watu wazima kwenye kabati la mama yake. "Kaka, msomaji ni wewe," aliniambia. "Mchagulie vya kusoma likizo hii. Viwe vizito, lakini visimharibu."

Kabla ya kugusa kitabu chochote nilitaka kumsikia mtoto mwenyewe. Nilimwomba anisimulie riwaya aliyotoka kuimaliza, ya upelelezi, nene kweli kweli. Akaisimulia bila kuruka kitu: nani alimuua nani, kwa nini, na ufunguo ulifichwa wapi. Nikamwuliza kama muuaji alistahili adhabu ile. Akainua mabega.

"Mjomba, hicho kitabu hakijauliza hivyo."

Alikuwa sahihi, na jibu lake likanipa kipimo. Mtoto anayesoma kupita umri wake kwa kawaida huongezewa kurasa, maneno magumu na mambo ya wakubwa. Lakini ugumu wa lugha ni kitu kimoja na ugumu wa fikra ni kingine. Msamiati alikuwa nao wa kutosha. Alichokosa ni kitabu cha kumtia mashakani, akifunge huku bado anabishana nacho.

Tukakaa sakafuni, mimi na dada, vitabu vimetuzunguka. Cha kwanza kuniletea kilikuwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Yeye aliona kina funzo kwa msichana. Mimi nakipenda sana kitabu hicho, na ndiyo maana nilikataa. Kinamtaka msomaji apime ni kiasi gani cha maisha ya Rosa kilivunjwa na ukali wa baba yake, Zakaria, na ni kiasi gani alikivunja mwenyewe. Mtoto ambaye bado hajaonja nguvu ya tamaa wala ya upweke atatoa hukumu kwa neno moja, "alikosea," kisha atafungua kitabu kingine.

"Mimi nilikisoma nikiwa na miaka kumi na tatu," dada alinibishia.

"Ukaelewa nini?"

Alifikiri. "Nilimwogopa yule baba. Mengine niliyaelewa nilipokirudia, nikiwa tayari nina watoto."

Tulikirudisha kabatini, wazi, mahali anapofika. Sikutaka kifichwe. Kitabu kilichofichwa husomwa kwa pupa, na chenye maswali mazito hakifai kusomwa hivyo.

Uamuzi uliomshangaza dada ni kuhusu Shamba la Wanyama, tafsiri ya riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945. "Hicho alishamaliza zamani, akiwa mdogo kabisa." Nilijua, na ndiyo sababu nilikiweka wa mbele. Alikuwa amekisoma kama hadithi ya wanyama, akalia farasi mchapakazi alipopakiwa kwenye gari la mchinjaji. Sasa nilitaka atazame kitu kingine: jinsi sheria zilizoandikwa ukutani zinavyobadilika kidogo kidogo, na jinsi kila mnyama anavyoanza kuitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe. Kwa msomaji aliyetangulia wenzake, mara nyingi kitabu bora ni kile alichokiwahi mapema mno. Kukirudia kunamfundisha kwamba kufika ukurasa wa mwisho hakumalizi kitabu.

Nikaongeza Frankenstein, riwaya ya mwanasayansi aliyeunda kiumbe hai kisha akakikimbia: je, anawiwa nini na alichokiumba? Kiingereza chake cha mwaka 1818 kingemchosha hapa na pale, lakini Mary Shelley alianza kuiandika akiwa na miaka 18, na nilitaka mpwa wangu ajue kwamba swali kubwa namna ile lilitoka kwa msichana. Tena kuna lile jambo la katikati ya riwaya, pale kiumbe anapopewa nafasi ya kusimulia mwenyewe. Ghafla msomaji aliyekuwa upande wa mwanasayansi hajui tena asimame wapi. Sijui njia nzuri zaidi ya kumfundisha mtoto kusikiliza upande wa pili.

Cha mwisho kilikuwa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Dada alikipima mkononi, akacheka. "Hiki? Atakimaliza kabla ya kulala." Ni chembamba, kweli. Ila ndani yake mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Kosa lao ni lipi? Wazee wazima wameshindana juu ya hilo.

Mpwa wangu alikuja, akavitazama vitabu vitatu, akachukua kile chembamba. Sikumweleza kinahusu nini. Nilimwambia jambo moja tu: mimi nami ningekisoma tena usiku ule, na kesho ningetaka kujua ni wapi amekataa kukubaliana na mwandishi.

Asubuhi alinikuta mezani. Hakusalimia vizuri.

"Mjomba, mwisho wake siupendi."

"Karama ameachiwa huru. Na wajumbe wamefunguliwa."

"Ndiyo, lakini ni mfalme aliyesema wafunguliwe. Walifungwa kwa neno la mtu, wakafunguliwa kwa neno la mtu. Je, siku ile angekuwa na hasira? Sheria ambayo Karama aliitetea iko wapi hapo?"

Nimesoma riwaya hiyo tangu ujana na kuizungumza na wengi, na sikuwahi kuliona jambo hilo kwa uwazi ule. Nilijaribu kumtetea mfalme: angalau amesikiliza hoja, amegeuza moyo. Akasema kusikiliza ni hisani, naye alikuwa anauliza kuhusu haki. Tukavutana hivyo mpaka chai ikapoa, kila mmoja akifunua kurasa kutafuta ushahidi.

Dada, aliyekuwa akitusikiliza tangu mwanzo, akanyosha mkono. "Hebu nipeni na mimi hicho kitabu."

"Subiri, Mama," mpwa wangu akasema, akikivuta kwake. "Sijamaliza kumwonyesha Mjomba."