Ile folda ya saa sita usiku

Hii ilikua 2013, bado tunatumia Python 2.7 (lugha ya kuandikia programu), na mi ndo nilikua nimeandika ile skripti, kaprogramu kadogo tu, kwa hiyo lawama zote zilikua zinakuja kwangu. Kazi yenyewe wala haikua ngumu, picha zinaingia kwenye seva, skripti inazipunguza ukubwa afu inaziweka kwenye folda ya mwaka, ndani yake mwezi, ndani yake siku. Mwanzoni ilikua inashika picha moja moja, taratibu ila salama. Watu wakalalamika inachelewa, nikaiwasha nakala 8 zikimbie pamoja, nikajisifu wiki nzima.

Kilichofuata kilininyima usingizi. Asubuhi unafika unakuta nakala 7 zinachapa kazi, moja imekufa, na kwenye logi yake, faili inakoandika yanayotokea, mstari wa mwisho ni OSError, Errno 17, File exists, yaani unachotaka kutengeneza kipo tayari. Na si kila siku! Inaweza kupita siku nne tano kimya, ya sita ikafa, tena ikifa inakufa saa sita usiku na sekunde zake. Ukiiwasha upya inaenda kama hakuna kilichotokea. Nikifungua skripti naona kabisa nimeandika kwa adabu zote, kama folda haipo basi itengeneze: if not os.path.exists, mstari wa chini yake os.makedirs. Sasa inaniambiaje ipo wakati nimeuliza sasa hivi nikaambiwa haipo?

Nikashuku diski. Nikashuku saa ya seva. Nikajaza print (amri ya kuandika ujumbe) kila kona nione inafia wapi, basi ikatulia wiki mbili nzima, nikatangaza tatizo limeisha (ukiniuliza nimelimaliza na nini sina jibu), nikazitoa zile print, usiku wa tatu tu ikafa tena.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja aliyekua anasimamia seva, mtu wa siku nyingi kwenye hizi kazi. Aliangalia skripti hata dakika haikuisha akasema, "Mdogo wangu, kati ya huu mstari na huu kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu dada, si inafuatana tu. Akacheka. Akaniambia weka hapo katikati time.sleep, amri ya kusubiri, ya nusu sekunde, futa folda ya leo kwenye seva ya majaribio, afu washa zote 8.

Nikafanya. Zote 8 zikauliza folda ipo, zote zikajibiwa haipo, zote zikalala nusu sekunde, zikaamka, zikaenda kutengeneza. Moja ikafanikiwa. 7 zikafa hapohapo kwenye terminali, Errno 17, Errno 17, Errno 17, mpaka nikaona aibu. Siku zote nilikua naona inakufa moja tu kwa sababu ule mwanya kati ya kuuliza na kutengeneza ni mdogo mno, kipande kidogo sana cha sekunde, na lazima mbili zipenye humo kwa pamoja. Na saa sita usiku ndo wakati pekee ambao folda ya siku mpya haijawepo na zote zinaitaka kwa mpigo. Zile print inaelekea zilikua zinaichelewesha kila moja kivyake, ndo maana zikawa hazikutani mlangoni.

Kumbe mkdir yenyewe, ile amri ya kutengeneza folda ambayo os.makedirs inaiita, haina shida kabisa. Ukiiita, inayoamua ni keneli, kiini cha mfumo endeshi, na wakiita 8 kwa wakati mmoja mmoja tu anapewa sifuri, maana yake folda ni wewe umeitengeneza, waliobaki wote wanapewa EEXIST, jina lingine la ile Errno 17. Haitokei wawili wakapewa sifuri, ndo maana kuna watu wanaitumia hata kama kufuli, aliyeitengeneza ndo mwenye zamu. Shida ilikua mimi na ile if yangu, nauliza swali ambalo jibu lake linachacha kabla sijalitumia. "Toa hiyo if," dada akasema, "tengeneza moja kwa moja, ukiambiwa ipo si ndo ulichokua unataka? Endelea na safari." Python 3.2 ilikua tayari imeleta exist_ok=True (folda ikiwepo usilalamike) ya kazi hiyohiyo, ila sisi wa 2.7 ilibidi tuandike kwa mkono.

Na kuandika kwa mkono nako nikaboronga. Nikaweka except OSError: pass, yaani kosa lolote likija we meza tu. Wiki chache baadae kuna mtu alitaka kuwahisha picha yake kwenye folda ya kesho yake, akapiga cp, amri ya kunakili, afu jina la picha afu jina la folda, na folda bado haijawepo. cp haina maneno, ikatengeneza faili linaloitwa 14, jina lilelile la folda ya siku hiyo. Usiku skripti ikaita mkdir, ikaambiwa ipo, ikameza, ikasonga mbele, na kila picha ikagoma, Not a directory, yaani hii si folda, safari hii nakala zote 8. Dada akaniambia EEXIST inakujulisha jina limeshachukuliwa, haikwambii limechukuliwa na kitu gani. Nikarekebisha: kosa likiwa EEXIST na os.path.isdir ikikubali kwamba ni folda kweli, pita, kingine chochote piga kelele.

Tukakaa kwa amani miezi kadhaa, mpaka kuna jamaa akaandika kaskripti kake ka kufuta folda tupu, na katika saa zote 24 akakapangia saa sita kamili usiku. Folda inazaliwa, haijapokea hata picha moja, imeshafutwa. Asubuhi nikakuta No such file or directory, yaani folda haipo, kwenye logi, na mstari wa juu yake unasema folda imetengenezwa. Sikushuku diski. Nilimuuliza tu yule jamaa kaskripti kake kanaamka saa ngapi.