Baba yake Horace

Wiki hii nimerudi kwa Horace, mshairi wa Roma ya kale. Wengi wanamjua kwa ule wito wake wa kuichuma siku ya leo bila kuiamini sana kesho. Ni maneno mazuri, lakini mimi kinachonirudisha kwake ni shairi la sita katika kitabu chake cha kwanza cha tashtiti, yaani mashairi ya kejeli, kilichotoka yapata mwaka 35 KK, pale anapomzungumzia baba yake.

Alizaliwa mwaka 65 KK huko Venusia, mji mdogo wa kusini mwa Italia. Mzee wake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, ana kishamba kisicho na rutuba, na riziki yake ilitokana na kukusanya fedha za minada. Pale mjini palikuwa na shule ya mwalimu Flavius, walikosoma watoto wa maofisa wa jeshi, mikoba na vibao vya kuandikia vikining'inia mkono wa kushoto. Mzee hakuridhika nayo. Akamchukua mwanawe hadi Roma, akamsomesha yale yale waliyosomeshwa watoto wa maseneta, akamvika vizuri hata mpita njia angedhani kijana amerithi mali. Kisha akamsindikiza yeye mwenyewe kwa kila mwalimu. Katika nyumba za matajiri, kumsindikiza mtoto shuleni ilikuwa kazi ya mtumwa. Mtu aliyeonja utumwa akaishika kazi hiyo kwa hiari yake, kwa ajili ya mwanawe! Kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Na hakudai malipo. Horace anasema baba hakuogopa kulaumiwa endapo mtoto angeishia kuwa mpiga mnada au mkusanya fedha kama yeye. Wala mimi nisingelalamika, anaongeza.

Haya yote anamwambia Maecenas, rafiki mkubwa wa Augustus mtawala wa Roma; Maecenas huyu mababu zake wa kuumeni na kukeni waliwahi kuongoza majeshi makubwa. Wenye wivu walikuwa wakimsema Horace kwamba ni mtoto wa mtumwa tu. Siku ya kwanza kukutana na Maecenas alishikwa na haya, maneno yakamtoka kwa kukatika, lakini hakujipachika ukoo wa kifahari. Alieleza alivyo. Ilipita miezi tisa ndipo akaitwa tena na kufanywa mmoja wa marafiki.

Nimewaona wasomi wakiulizwa habari za kwao wanamumunya maneno. Mimi baba yangu aliishia darasa la nne. Siku ya kulipa ada alikuja shuleni mwenyewe, shati limepigwa pasi, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka risiti itoke, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa kifuani. Ndiyo maana naamini Horace hakuandika hayo kwa kujipendekeza.

Anasema kama tungeruhusiwa kurudi nyuma tukachague wazazi wengine, kila mtu kwa kadiri ya majivuno yake, yeye angebaki na wake. Umati utaniona mwendawazimu, anamwambia Maecenas, ila wewe huenda ukaniona nina akili timamu.

Mzee wangu akija Desemba nataka nimsomee sehemu hii polepole, kwa Kiswahili, nimsimulie na habari za yule baba wa Venusia.