Siku kama ya leo, 25 Novemba: anzia Ruvuma

Ukipewa kazi ya kuandaa ubao wa "Siku kama ya leo" shuleni, au dakika mbili za redio ya jamii, kishawishi cha kwanza ni kunakili orodha nzima ya mtandaoni: huyu kazaliwa, yule kafa, nchi fulani imepata bendera. Orodha ya namna hiyo haina mwenyewe. Mwanafunzi wa Masasi au Nachingwea ataipita bila kugeuza shingo. Anza na tukio la kwenu, kisha tafuta yaliyoshikana nalo. Tarehe 25 Novemba inafaa kujifunzia, maana Kusini tuna letu, tena kubwa.

Jumapili ya 25 Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwezi mmoja kabla alikuwa amepigana na Waingereza Mahiwa, Lindi, vita iliyomwaga damu nyingi kuliko nyingine zote za Kusini katika kampeni ile. Alishinda, lakini risasi zilimwishia na ikabidi arudi nyuma hadi uwanda wa Makonde. Baada ya kuvuka akaivamia kambi ya Wareno pale Ngomano, mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Mkuu wa kambi, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Wajerumani wakazoa bunduki, dawa, chakula na risasi zipatazo 250,000. Jeshi lililokuwa hoi likapata nguvu za mwaka mzima.

Ubaoni usiandike "Ngomano" peke yake, kwani wengi hawataijua. Andika kwamba ni upande wa pili wa Daraja la Umoja, lile la mita 720 lililofunguliwa 12 Mei 2010, linaloanzia Mtambaswala, Nanyumbu. Hapo msomaji anashika.

Sasa tazama siku hiyo hiyo kaskazini. Asubuhi ya 25 Novemba 1917 meli-anga (puto kubwa lenye injini) ya Kijerumani L59 ilitua Jamboli, Bulgaria, ilikotoka tarehe 21. Ilikuwa imebeba tani 15 za risasi, dawa na vifaa vya huyo huyo Lettow-Vorbeck. Ilifika magharibi ya Khartoum, ikapokea amri kwa redio igeuze, kwa kuwa Berlin iliamini mahali pa kutua pameshatekwa. Saa 95 hewani, zaidi ya kilomita 6,700, na mzigo ukarudi. Hii ndiyo aina ya mkutano wa tarehe inayostahili nafasi: matukio mawili yenye chanzo kimoja, siku moja, mwaka mmoja.

Mwaka mmoja kamili baadaye, 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Wengi huteleza hapa. Vita ya Ulaya ilisimama 11 Novemba; habari zikamfikia tarehe 14 huko huko Zambia; kujisalimisha rasmi ndiko kwa tarehe 25. Ukiandika "vita viliisha" bila kusema wapi, vyanzo vitagongana na hutajua kipi kimekosea, kumbe kila kimoja kinataja tukio lake. Andika kitendo: alipokea habari, alisaini, alivuka, alikabidhi. Na usiishie kwa maofisa. Jeshi lile lilitembea juu ya mabega ya wapagazi, na wapagazi ni babu zetu.

Usiku nao una mtego. Sisi husema "usiku wa kuamkia", na asiyekuwa makini huandika tarehe ya jioni au ya asubuhi kadiri anavyopenda. Kifo cha Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, kilitangazwa usiku wa kuamkia Ijumaa 24 Julai 2020, ndiyo maana utakuta 23 huku na 24 kule. Chukua tarehe ya tangazo rasmi.

Tofauti ya saa pia. Fidel Castro, aliyekuwa kiongozi wa Cuba, alifariki Havana saa 4:29 usiku wa 25 Novemba 2016. Mtwara ilikuwa saa 12:29 asubuhi ya tarehe 26. Kanuni ni tarehe ya mahali tukio lilipotokea, si ya mahali habari iliposikika. Hili la Castro lina uzito wa ziada: usiku wa kuamkia 25 Novemba 1956 ndipo yeye na wenzake, jumla 82, walipoondoka Tuxpan, Mexico, kwa boti ya Granma kwenda kuanzisha vita Cuba. Miaka 60 kamili. Mwanasoka Diego Maradona, aliyejichora sura ya Castro mguuni, naye alifariki 25 Novemba, mwaka 2020. Inavutia kusikia redioni, ila ni sadfa tu, isemwe hivyo.

Kabla ya kubandika, hakiki siku ya wiki. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja, hivyo tarehe husogea siku moja kila mwaka, na mbili 29 Februari ikiingia katikati. 1917 ilikuwa Jumapili, basi 1918 ni Jumatatu. Chanzo kinachosema "Jumapili, 25 Novemba 1918" kina kosa mahali. Kwa mambo ya zamani kama Wareno kuivamia Kilwa Julai 1505, kumbuka kalenda yao ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 10. Iache tarehe yao na uandike pembeni "kalenda ya zamani".

Kwa redio, matukio manne au matano yanatosha, maneno kama 200. La lazima ni mauaji ya kina dada watatu wa Mirabal, waliopinga udikteta Jamhuri ya Dominika, 25 Novemba 1960, maana ndiyo asili ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, na watu watakuwa wanazisikia wiki hiyo hiyo. Uhuru wa Suriname, 25 Novemba 1975, miezi mitano kamili baada ya Msumbiji, uweke nafasi ikibaki.