Tafi Tisa

Jumamosi iliyopita niliteremka pwani ya Nyali na ubao wa kupimia, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kujifunza takwimu kwa mifano ya sarafu na dadu nisizowahi kuzirusha. Kusi limekaza, vyombo vilivyotoka vilikuwa vichache, nami nikaambulia kupima samaki tisa tu, wote tafi. Urefu wao kwa sentimita ulikuwa 18, 19, 19, 20, 20, 21, 21, 22 na 38.

Usiku nikajumlisha na kugawanya, nikapata wastani wa 22, kisha nikaona kwamba wanane kati ya hao tisa hawakuuzidi. Aliyeuvuta juu ni yule mmoja. Thamani ya kati, yaani ya samaki wa tano baada ya kuwapanga, ilikuwa 20, na hata yule mkubwa angefika 45 isingetikisika. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ndio ulionishangaza: 6.1 akiwemo, 1.3 akiondolewa. Kumbe kila tofauti na wastani huzidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo 16 yake ikawa 256, katika jumla ya 300. Kugawanya jumla hiyo kwa nane badala ya tisa, kabla ya kutafuta kipeo cha pili, kulinikosesha usingizi, mpaka nilipotambua kwamba tofauti zote zikijumlishwa lazima ziwe sifuri, hivyo ukishazijua nane, ya tisa haina uhuru tena.

Uchache wenyewe haukunitia aibu. William Sealy Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la kujificha la Student, njia ya kukadiria wastani kutokana na sampuli ndogo (kwamba somo langu lina deni kwa pombe, nyumbani sijasema). Lakini njia hiyo hudhani kwamba vipimo vimetawanyika kwa umbo la kengele, vingi katikati na vichache kandoni, na 38 yangu ilikuwa imesimama peke yake mbali kabisa. Nilitamani kuifuta. Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa kwamba iliniharibia hesabu, na hiyo si sababu.

Jana nikarudi kumwuliza mzee aliyeniruhusu kupima.

“Mwanangu, hao wanane ni wa mtego wa lema,” akasema. “Huyo mkubwa ni wa wavu. Na wadogo zaidi hutawaona, hupenya matunduni.”

Nimechora safu mpya daftarini, ya aina ya mtego, na mbele ya 38 nimeandika: wavu.