Nilivyofanikiwa kuwafanya watu wasikilize muziki wa kielektroniki wa andagraundi

Mtu akikurudishia dole gumba sekunde chache baada ya kumtumia kazi ya dakika kumi, hajaisikiliza. Nilikuwa napokea dole gumba za namna hiyo kila mara, kwa muziki ninaoupenda kuliko mwingine wowote: tekno ya Detroit, acid ya Chicago, dub ya kielektroniki ya Berlin, footwork, singeli ya studio ndogo ndogo za Dar es Salaam, zote aina za muziki unaotengenezwa kwa mashine. Sehemu kubwa ya muziki huu redio haiupigi. Mara nyingi hauna video wala mwimbaji, na santuri yenyewe inaweza kuja na karatasi nyeupe katikati isiyoandikwa kitu. Hata hivyo leo watu wale wale ndio wanaonitafuta na kuniambia nilete kingine, na mambo yaliyoleta mabadiliko hayo ni machache.

La kwanza ni dakika ya kuanzia. Nyimbo nyingi za tekno na ndugu yake hausi, muziki wa klabu uliozaliwa Chicago, hutengenezwa ili DJ aweze kuziunganisha, kwa hiyo huanza na ngoma tupu kwa muda mrefu. Piga hesabu: kwa kasi ya midundo 128 kwa dakika, baa 32, yaani vipande 32 vya midundo minne minne, ni dakika moja kamili. Kwa DJ hiyo ni dakika ya kazi, ndipo anapolinganisha kasi ya santuri mbili na kuiingiza ya pili bila mtu kushtuka. Kwa aliyezoea nyimbo ambazo kiitikio kinafika mapema, ni dakika ya kusubiri kitu asichokijua, na hasubiri. Basi nikawa naandika mahali pa kuanzia na kitu cha kusikiliza. Ujumbe wangu mmoja, kwa kazi fulani isiyo na neno hata moja, ulikuwa hivi:

"Vaa hedifoni. Anza 2:10. Kuna besi inayoingia mara moja tu kila baa nne, isubiri. Ikifika 3:40 hai-hati zote (zile sauti kali za visahani) zinaondoka, na utaisikia kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ile ile iliyokuwepo tangu mwanzo, ila sasa iko peke yake. Ukiipenda hiyo sehemu, rudi mwanzo usikilize yote."

Aliyepokea alijibu baada ya nusu saa, na jibu lake lilihusu ile kodi. Nilifurahi sana, kwa sababu alikuwa amekisikia kile kile nilichokisikia mimi.

Zile hedifoni sikuzitaja kwa mapambo. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa sauti za chini. Besi nyingi za muziki huu, pamoja na uzito wa kiki, yaani ngoma kubwa ya chini, ziko kati ya hetzi 40 na 100, na kwenye simu karibu zote hazisikiki. Mtu anabaki na hai-hati na kelele za juu, halafu anakwambia muziki wako hauna kitu. Ana haki, kwa sababu kitu chenyewe hakijamfikia. Siku hizi kama najua mtu yuko barabarani au kazini, situmi kabisa. Nangoja awe na hedifoni au spika za maana.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi, na ambalo naliona ndilo kubwa, ni kuanza na sikio la mtu kabla ya kuanza na hazina yangu. Muziki wa kielektroniki una ndugu kila mahali, na ukijua mtu anapenda nini unaweza kumwonyesha ndugu wa karibu. Rafiki mmoja ni mpenzi wa reggae wa kufa na kuzikana, na alikuwa akiamini tekno ni kelele za kiwandani. Nilimpa Rhythm & Sound, kazi za Moritz von Oswald na Mark Ernestus wa Berlin, ambao tangu mwaka 1993 walikuwa wakitoa santuri chini ya jina la Basic Channel. Kwenye Rhythm & Sound kuna sauti ya Paul St. Hilaire, aitwaye pia Tikiman, mwimbaji kutoka kisiwa cha Dominica, ikielea juu ya besi nzito na mwangwi unaorudi na kurudi. Kwa rafiki yangu hiyo ilikuwa reggae. Alipoizoea, nikamrudisha nyuma hadi Basic Channel yenyewe, mwangwi ule ule, besi ile ile, ila mwimbaji kaondoka na kiki imeingia. Hakuhitaji kuelezwa.

Kwa mpenzi wa ngoma za kupigwa kwa mikono na vijiti, huyo huyo Ernestus ana Ndagga Rhythm Force, kundi analofanya nalo kazi na wapiga ngoma za sabar wa Senegal. Kwa mtu wa singeli njia ni fupi zaidi. Singeli hukimbia midundo 200 kwa dakika na kuendelea, kwa hiyo footwork ya Chicago yenye 160 haimtishi. Nilimpa mmoja kazi za DJ Rashad na akaniambia zinakwenda taratibu! Kinyume chake pia kinawezekana: watu wa tekno kali ambao hawajui Kiswahili hata kidogo nimewafikisha kwenye singeli kupitia lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Hao nawaambia wasikilize kasi kwanza, halafu zile melodi fupi za kinanda zinazojirudia juu yake. Kwa kweli naona fahari kuwapa hiyo.

Kisha kuna suala la kurudia. Hili nimejifunza kutoka katika historia yenyewe ya acid. Roland ya Japani ilitoa TB-303 mwaka 1981, mashine ndogo ya kumpigia besi mwanamuziki anayefanya mazoezi peke yake. Haikufanana sana na gitaa la besi, mwaka 1984 ikaacha kutengenezwa, na zilizokwishatoka zikawa zinauzwa mitumba kwa bei ya chini. Vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture, yaani DJ Pierre, Spanky na Herb J, waliipata moja na kuanza kuzungusha vifundo vyake huku ikiendelea kulia, mpaka sauti ikawa inakoroma, inabana na kupiga mluzi. Kanda yao walimpelekea Ron Hardy, DJ wa klabu ya Music Box. DJ Pierre amesimulia mara nyingi kilichotokea: mara ya kwanza watu waliondoka ukumbini, Hardy akaipiga tena, na tena, na ilipopigwa mara ya nne usiku ule ule ukumbi ulikuwa umepagawa. Santuri yake, "Acid Tracks", ilitoka mwaka 1987, na hausi haikubaki kama ilivyokuwa.

Basi nami sikimbilii kutuma kazi mpya kila siku. Natuma ile ile tena baada ya siku kadhaa, nikielekeza sikio mahali pengine. Mara ya kwanza nazungumzia besi, mara ya pili namwonyesha sauti ndogo ya nyuma ambayo pengine hakuiona, kama mkwaruzo wa santuri ulioachwa makusudi. Sikio la binadamu linahitaji kuzoea mpangilio wa sauti kabla halijaanza kuufurahia, hasa pale ambapo hakuna maneno ya kushika. Wapo wanaokataa hata baada ya hapo, na hao nawaacha kwa amani. Ladha haishurutishwi.

Hadithi naiweka baada ya muziki, na hapa najua wengi wenye mapenzi kama yangu wataona tofauti. Chukua Drexciya wa Detroit, James Stinson na Gerald Donald, watu waliofanya kazi miaka mingi bila kutaka kujulikana, hadi Stinson alipofariki mwaka 2002. Katika maandishi ya jalada la mkusanyiko wao wa mwaka 1997 waliuliza: je, watoto wa wanawake wa Kiafrika waliotupwa baharini wakiwa wajawazito kutoka meli za watumwa, waliweza kuishi na kupumua chini ya maji? Sehemu kubwa ya muziki wao inatoka katika nchi hiyo ya chini ya bahari. Ukimwambia mtu hayo kwanza, ataheshimu hadithi na huenda asiusikie muziki. Nikimwacha asikie kwanza zile sinthesaiza (vinanda vya umeme) zenye kupanda kama mapovu na ngoma kavu za mashine, halafu nimweleze zinatoka wapi, huzisikiliza upya mwenyewe. Mmoja aliniandikia kwamba alilazimika kusimamisha muziki kidogo ndipo aendelee.

Kuhusu majina ya nyimbo, swali ninaloulizwa zaidi ni "hii inaitwaje?", likiambatana na kipande kilichorekodiwa kwa simu au miksi ya saa mbili, yaani mfululizo wa nyimbo alizounganisha DJ. Namwomba anipe dakika kamili katika miksi, na maneno yoyote yanayosikika hata kama ni mawili. Kisha naingia Discogs, orodha ya santuri ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2000 ikiwa ya muziki wa kielektroniki peke yake, nafuata lebo, namba ya toleo na watu waliowahi kutoa kazi pamoja. Kama ni santuri isiyo na maandishi, herufi na namba zilizochongwa karibu na kitovu chake mara nyingi zinatosha kuitambua. Lakini ikiwa ni kazi ambayo haijatoka, na aliyeitengeneza amempa DJ mmoja tu aipige, nasema hivyo na naishia hapo. Situmi faili ya mtu ambayo mwenyewe hajaiachia. Matoleo mengi ya aina hii ni nakala mia chache tu, na kuvuja kwa faili kunaweza kumnyima mtu hata gharama za kuchapisha santuri.

Ndiyo sababu linki ninayotuma ni ya mahali pa kununua. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na tangu Machi 2020 kumekuwa na Ijumaa maalumu ambazo huachia fungu lake kwa wasanii. Siku hizo natuma zaidi. Pia ukinunua unapata faili safi. Faili za kuokota zimejaa udanganyifu: mp3 ya ubora wa chini, ya kilobiti 128, inageuzwa jina ikaitwa 320, na ukiifungua katika programu ya kuchora masafa ya sauti utaona sauti za juu zimekatwa karibu na kilohetzi 16 kama kwa kisu.

Kwa sasa kinachonishughulisha ni ambient, ile isiyo na mdundo kabisa. Huko siwezi kumwambia mtu aanze 2:10, maana hakuna kinachoingia wala kutoka, ni sauti moja pana inayobadilika polepole kwa dakika ishirini. Nimeanza kutaja saa badala ya dakika. Namwambia aiweke usiku kwa sauti ya chini wakati anasoma au anakunja nguo, asiikodolee macho. Wawili wameniuliza jina la lebo tayari.