Jana aliweza, leo hawezi

Baridi ya Julai hapa Uyole haimwonei huruma mtoto wa shule. Shati, sweta, soksi ndefu, viatu vya kamba: kila kimoja kina vifungo au mafundo yake. Kijana wangu wa darasa la tatu ana disipraksia, hali inayoufanya ubongo upate taabu kupanga mwendo wa mwili, na hutoka mlangoni ameshachoka kwa kuvaa tu. Leo vifungo vyote vya shati vimekaa sawasawa, kavifunga mwenyewe. Kesho huenda vikamshinda. Hilo la kuweza leo na kushindwa kesho ndilo linalowaponza watoto wa aina yake.

Mtu mzima akiona mtoto ameweza jambo mara moja, huamini ameshalijua. Likimshinda siku ya pili, basi anaambiwa mvivu, mkaidi, anafanya makusudi. Mwalimu mmoja aliwahi kumwambia mbele ya wenzake, "Jana uliandika vizuri, leo umeamua kunichezea." Hakuamua. Disipraksia ndivyo ilivyo. Misuli ni mizima na akili anayo. Ugumu uko pale ubongo unapopanga mwendo: mkono uanzie wapi, utie nguvu kiasi gani, uishie wapi. Sisi wengine tukishazoea kufunga kifungo, vidole vinajiendea huku tunapiga soga. Yeye inambidi afikirie karibu upya kila mara. Akiwa amelala vizuri na hakuna anayemharakisha, anafanikiwa. Akichoka, au mtu akimsimamia na "fanya haraka, bajaji imefika", mpango wote unavurugika.

Watafiti hukadiria kwamba watoto 5 au 6 katika kila 100 wana hali hii. Darasa la watoto 60, na huku kwetu si ajabu, laweza kuwa na watatu. Siku hizi nikimwona mtoto anaachwa wa mwisho wenzake wakichagua timu, au anaitwa legelege, siwezi kupita kimya.

Nyumbani hatumtumi maji na ndoo. Anabeba kidumu chenye kifuniko. Mama yangu hakulipenda hilo. "Utamdekeza, mwanangu." Nikamwambia, mama, maji anachota kama wenzake, tofauti ni chombo tu. Sasa yeye ndiye anayemtengea kidumu, na akimkuta mtu anamcheka bombani, mtu huyo atajuta.

Kwenye kuvaa, mimi nilikuwa nafunga vifungo vyote namwachia kimoja cha mwisho. Alipokimudu, nikamwachia viwili. Kwa njia hiyo kazi humalizikia mikononi mwake, na mtoto aliyezoea kushindwa anahitaji sana kuonja kumaliza.

Jikoni tunatumia njia iliyotokana na kazi za Helene Polatajko, mtafiti wa Kanada: mtoto ataje lengo, apange, afanye, kisha akague. Mkubwa anauliza, hatoi majibu. Jumamosi alikuwa anakata kiazi na kiazi kinamkimbia ubaoni. Nikauliza, "Mkono wa kushoto unafanya nini?" Akautazama kwa muda. "Umelala tu." "Sasa?" Akaukunja vidole, akakibana kiazi, akakata. Vipande vilikuwa vinene kwa vyembamba, vyote tukavikaanga. Mipango ya aina hii, ya kufanyia mazoezi jambo lenyewe ambalo mtoto anataka kuliweza, ndiyo wataalamu wanaoipendekeza kuliko mazoezi ya jumla ya viungo.

Wataalamu hao ni wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku, na hospitali ya KCMC kule Moshi imekuwa ikiwafundisha. Mzazi mwenye wasiwasi aanzie hospitali, macho nayo yapimwe, maana kujigongagonga kuna sababu nyingi. Na mtoto aliyekuwa anatembea au anashika vizuri, kisha akaanza kupoteza uwezo aliokuwa nao, huyo asisubirishwe hata kidogo. Hiyo si disipraksia.

Wengi huingia nayo utu uzimani. Nilimsimulia kijana wangu habari za Daniel Radcliffe, mwigizaji wa Uingereza, aliyesema hadharani mwaka 2008 kwamba anayo na kwamba kamba za viatu humsumbua. Akauliza swali moja tu: "Sasa anavaaga viatu gani?"

Mwakani ni darasa la nne, na upimaji wa kitaifa. Majibu anayo kichwani, mkono ndio unaochelewa. Kesho naenda kuonana na mwalimu wake mpya, na maombi yangu nimeshayaandika. Pale anapotaka kujua kama mtoto ameelewa somo, amruhusu ajibu kwa mdomo. Akimpa kazi ya kunakili ubaoni, ampunguzie mistari. Amweke dawati la mbele, miguu ifike chini. Na daftari lake lisiinuliwe tena kuonyeshwa darasa zima.