Kalori za saa na joto la Dar

Mimi hukimbia na mkanda wa kifuani, ule unaolowanishwa kwanza kwa maji ili unase vizuri umeme wa moyo. Saa ya mkononi husoma damu kwa mwanga wa kijani, na ikilegea mkononi hupotea njia upesi.

Lakini hakuna hata kimoja kinachopima kalori. Vinapima mapigo, kisha vinakisia oksijeni. Kila lita ya oksijeni mwili unayotumia ni takriban kalori 5. Kanuni moja iliyochapishwa 2005 huchanganya mapigo, uzito, umri na jinsia. Mwanaume wa miaka 38, kilo 74, moyo ukipiga mara 140 kwa dakika, hupewa kalori 13 hivi kila dakika.

Sasa njoo Coco Beach mwezi Februari. Mwendo ni uleule wa Julai, ila jasho linachuruzika na moyo unapanda, maana damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili. Saa inalihesabu joto hilo kama kazi! Ndiyo maana msimu huo sipangi chakula changu kwa namba zake. Nalinganisha Februari na Februari tu. Na ukipanda mizani uzito ukabadilika, ingia kwenye mipangilio uubadilishe siku hiyohiyo.